Miaka Niliyomsugua Mungu wa Bahari

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeziumba bahari akaziwekea ukomo, akayafanya maji haya matamu na yale ya chumvi, na akanipa mimi mja wake riziki itokayo majini ingawa sikuwa mvuvi wala baharia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, nianze.

Vijana wangu, kila mnaponikuta nimekaa nje ya msikiti baada ya Alasiri, hakosi mmoja wenu wa kuniuliza, huku mwenzake akimfinya asicheke: "Babu, ni kweli kule Uarabuni ulikuwa unamwosha mungu wa Wagiriki?"

Ni kweli. Nilimwosha kila wiki kwa brashi ya mpini mrefu, na ndevu zake zilinisumbua kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wake. Lakini habari hiyo haieleweki bila kuijua kazi yenyewe, na wengi wenu mnajiandaa kwenda huko huko, basi acha nieleze.

Kazi yangu ilikuwa mabwawa ya kuogelea. Niliianzia Riyadh, upande wa Al-Naseem, kwa mkandarasi aliyehudumia zile nyumba za mapumziko wanazoziita istiraha, ambako familia huenda mwisho wa wiki, watoto wanaogelea na watu wazima wanachoma nyama. Aliyenifundisha ni fundi wa Kisudani aliyeitwa Bakhiti, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maswali. Siku ya kwanza alinikabidhi ndoo tupu akaniambia niende nikamwambie kama bwawa linavuja. Nikazunguka bwawa zima na ndoo yangu mkononi, nikitazama kuta. Niliporudi akaniuliza, "Ndoo umeifanyia nini?" Nikasema sijaifanyia kitu. Akasema, "Basi bwawa nalo halijakwambia kitu."

Ndoo ile, alinionyesha baadaye, unaijaza maji na kuiweka kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani yake yalingane na ya nje. Kesho yake unatazama. Kama yamepungua sawasawa, ni jua limekunywa, usimsumbue mtu. Kama ya bwawa yamepungua zaidi, tafuta ufa. Hadi leo sijaona chombo kinachoishinda ndoo kwa kazi hiyo, ingawa siku hizi vijana wanakuja na mashine inayotambaa chini ya maji kama kasa na vipimo vinavyopeleka majibu kwenye simu.

Mengine aliyonifundisha Bakhiti nitayasema kama yanavyonijia. Asidi inamiminwa kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye asidi. Fundi mmoja wa kwetu aligeuza mpangilio huo na nyusi zake hazikuota tena vizuri. Vumbi la Riyadh likishuka, usikimbilie ufagio. Acha lilale chini, kisha livute taratibu na ulimwage nje bila kulipitisha kwenye chujio, la sivyo utashinda wiki nzima unaosha chujio. Bwawa likinuka klorini kali, wenye nyumba watakwambia umezidisha dawa. Mara nyingi imepungua. Usibishane nao, pima, waonyeshe, kisha nyamaza.

Na moja alilisema tukiwa tunakunywa chai, wala hakulirudia: "Riyadh uyaogope maji yaliyo ndani ya bwawa. Ukienda Jeddah, uyaogope yaliyo nje yake." Sikulielewa, na kwa kuwa hakupenda maswali, sikuuliza.

Nilielewa nilipohamia Jeddah. Riyadh iko jangwani, juu. Ukichimba unakuta jiwe na ukavu. Jeddah imekaa kando ya bahari, na chini ya sakafu za nyumba zake, kina kisichozidi kimo cha mtu katika baadhi ya sehemu, yamelala maji ya chumvi. Bwawa lililojaa ni zito, linayakandamiza. Ukilikausha lote, unakuwa umeacha bakuli jepesi juu ya maji, na bakuli jepesi hutaka kuelea. Ndiyo maana wajengaji wazuri huweka vali pale penye kina kirefu zaidi, yenye kifuniko cha plastiki. Maji ya ardhini yakisukuma, vali inafunguka, yanaingia kistaarabu, na sakafu inasalimika. Na kando ya bwawa huachwa bomba la kuchungulia. Kabla hujakausha, unateremsha uzi uliofungwa kijiwe. Kijiwe kikigusa maji kabla uzi haujashuka sana, ahirisha.

Jeddah niliajiriwa kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja mzee. Tulimwita Baba, kama ilivyo ada ya wafanyakazi wa majumbani kule. Alikuwa na bwawa ndani ya ukumbi wenye paa la vioo, na sakafu nzima ya bwawa hilo ilikuwa picha ya vigae vidogo vidogo, kila kimoja si kikubwa kuliko ukucha wa dole gumba. Picha ilikuwa ya Poseidoni, ambaye Wagiriki wa kale walimwabudu wakidai ndiye mungu wa bahari. Mtu wa kifua kipana, ndevu za mawimbi, mkuki wa ncha tatu mkononi, amezungukwa na farasi wenye mikia ya samaki. Walidai pia kwamba akikasirika hupiga ardhi kwa mkuki ule nayo ikatetemeka. Baba alisoma ughaibuni ujanani mwake akazipenda hadithi hizo. Alikuwa Mwislamu kama mimi, anaswali, anatoa zaka. Picha kwake ilikuwa picha.

Mimi haikunipendeza. Nimelelewa chuo cha Kurani, nimesoma vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, kabla sijajua kushika brashi, na moyo wangu ulikuwa mzito. Nilikuwa napanga chumba mtaa wa Kandara, na karibu yetu palikuwa na shehe mtu mzima niliyekuwa nikikaa darasani kwake. Nikamweleza.

Akaniuliza, "Unamsujudia?"

"Hapana, shehe. Namsugua."

"Kwa mikono?"

"Kwa brashi. Na mara nyingine nasimama juu ya kichwa chake, maana ndipo ukungu unaposhika."

Akacheka hadi kikohozi kikamjia. Kisha akanieleza kwa utulivu yale waliyoyasema wanavyuoni kuhusu picha inayotundikwa kwa heshima na picha inayokanyagwa, na kwamba kukatazwa kuchora picha si ruhusa ya kuvunja mali ya mtu. Akanambia nisafishe bwawa, nilinde nia yangu, na nikipata kazi nyingine nzuri zaidi nihame. Sikupata. Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji, nami nilishukuru.

Mwenzangu katika nyumba ile alikuwa Kyalo, Mkenya wa Machakos, Mkristo wa kanisa hasa. Alikuwa dereva wa familia kwenye nyumba yao ya Riyadh, na kule ndiye pia aliyekuwa akiangalia bwawa. Familia iliporudi kukaa Jeddah, wakaja naye. Alinipa jina la Mzee Ustadh, na kila asubuhi alikuwa na neno.

"Mzee Ustadh, mungu wako leo ameamka na ukungu kwenye masharubu."

"Si wangu. Mtafute Mgiriki."

"Hata kanisani kwetu huyu hangeingia. Tumbo wazi hivyo? Usher angemrudishia mlangoni."

Tuliishi hivyo kwa amani. Kisha ikakaribia safari ya Kyalo. Binti yake wa kwanza, Mwende, alikuwa anaolewa, na Kyalo hakuwahi kuwapo nyumbani kwa jambo lolote la binti huyo: hakuwapo alipozaliwa, alipomaliza shule, wala ilipoletwa barua ya posa. Safari hii aliapa atakuwapo. Tiketi ilikuwa tayari, suti imeshonwa mtaa wa Sharafiya na fundi wa Kipakistani, imebaki ruhusa ya kutoka na kurudi, ambayo kwa wafanyakazi wa majumbani kama yeye kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, ndiye huitoa, kwa kubonyeza simu yake. Baba alikuwa ameahidi kuibonyeza.

Kyalo ni mtu wa shukrani. Akaona asiondoke bila kuacha kitu kizuri. Siku niliyokwenda Sharafiya kutengenezesha pampu, nikachelewa huko, yeye akasema moyoni mwake: wacha nimkaushie mzee bwawa, niling'arishe, arudi alikute kama jipya. Bomba la kuchungulia alikuwa analijua, nilishamwonyesha. Lakini Riyadh alikausha bwawa miaka yote bila uzi wala kijiwe na hakuna kilichotokea, akayaona yale kuwa mambo ya wazee. Akayatoa maji yote hadi tone la mwisho.

Asubuhi yake niliitwa na sauti yake kabla sijavua viatu. "Mzee! Mzee, kuja uone. Aki kuja haraka."

Poseidoni alikuwa amevimba. Tumbo lake lilikuwa limenyanyuka kama andazi, vigae vimeachana, na katikati ya nyufa maji yalikuwa yanachuruzika polepole, yakishuka kuelekea magotini mwake. Farasi mmoja alikuwa amepasuka mkia.

Nilichovya kidole kwenye maji yale nikaonja. Msiniige katika hili. Maji ya chini ya miji yana uchafu wa kila namna, na siku hizi kipo kipimo cha chumvi kidogo kama kalamu. Lakini sikuwa nacho. Maji ya bwawa letu yalitoka bombani, hayakuwa na chumvi. Haya yalikuwa makali kama ya bahari. Nikajua yametoka chini.

Baba akaja na fimbo yake. Akasimama ukingoni, akalitazama tumbo lile. Kisha akaniuliza mimi, si Kyalo: "Ya Salim, wewe ni mtu wa swala. Nani amefanya hivi?"

Kyalo alikuwa ananitazama usoni. Nilikijua anachokitaka: niseme sijui, niseme ni nyumba ya zamani. Nikasema, "Kyalo ameyatoa maji yote, Baba. Hilo ni kweli. Lakini sakafu hainyanyuki kwa hilo peke yake kama vali iliyo chini inafanya kazi. Nadhani vali ina tatizo, na hilo si la Kyalo."

Baba alisikia nusu ya kwanza tu. "Halas, basi. Hasafiri mtu mpaka nijue picha yangu inatengenezwa vipi." Akaondoka.

Kyalo hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, umenichinja. Na kisu chenyewe butu. Ungesema hujui tu, ingekugharimu nini?"

"Ingekuwa uongo."

"Harusi ni Jumamosi ijayo hiyo. Mwambie Mwende ukweli wako." Akaingia chumbani kwake, na mchana ule akala peke yake.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa na raha. Nilianza kuchimba shimo nje ya ukuta wa ukumbi, niweke pampu ya kuyavuta maji ya ardhini yasiendelee kusukuma. Huku nachimba nawaza. Vali ya bwawa lile sikuwahi kuiona. Miaka yote nilidhani iko chini ya wavu wa tundu la kutolea maji, katikati ya sakafu; sasa tundu lilikuwa wazi na haikuwamo. Kama ipo, ipo chini ya picha. Na mahali penye kina kirefu zaidi palikuwa kwenye goti la kushoto la Poseidoni.

Nikanawa, nikaswali Adhuhuri, nikamwendea Baba sebuleni. Nikamwambia nataka ruhusa ya kufungua vigae vya gotini.

Akaweka kikombe chini. "Tangu siku ya kwanza hukuipenda picha hii, Salim."

"Kweli, Baba. Sikuipenda."

"Na sasa imepatikana sababu ya kuivunja." Akatabasamu bila furaha. "Unataka kuwa Nabii Ibrahim mvunja masanamu kwenye nyumba yangu?"

Swali lile liliniingia. Nilijitazama ndani, kama tulivyofundishwa, na nikakuta, Mwenyezi Mungu anisamehe, kwamba lile tumbo lililovimba lilinifurahisha kidogo. Kwa hiyo sikukimbilia kujitetea. Nikamwambia, "Baba, nia yangu usiiamini, mimi mwenyewe naichunga. Amini ulimi wako. Njoo uyaonje maji haya. Yakiwa matamu, mimi ni mwongo, na sitagusa kigae hata kimoja."

Alinitazama kama mtu aliyealikwa kwenye mchezo wa watoto. Lakini akainuka. Nikamshika mkono akashuka ngazi za bwawa na kanzu yake nyeupe, akainama, akachovya kidole, akaonja. Akatema. Halafu, Mungu ampe afya, akaangua kicheko mpaka fimbo ikamdondoka. Kyalo akatoka chumbani kuja kuona kuna nini.

"Mnamjua huyu alifanya nini?" Baba akauliza akimwonyesha Poseidoni kwa kidole. "Wagiriki walikuwa na mji mkubwa, mzuri. Huyu akautaka uwe wake. Akagombea na mwingine, mungu wao wa kike. Watu wakasema: kila mmoja atupe zawadi, tutachagua. Huyu akapiga mwamba kwa mkuki, chemchemi ikabubujika! Watu wakakimbia na mitungi, wakanywa." Akatema tena. "Chumvi. Yule mwanamke akawapa mti wa mzeituni, wakamchagua yeye. Huyu akanuna."

Kyalo, pamoja na hasira zake zote, akashindwa kujizuia. "Si wangemwambia tu aende aongeze sukari."

Nilimtafsiria Baba, akacheka zaidi. Kisha kicheko kikakatika, akajifuta macho, akasema, "Fungua, Salim. Ukitaka fumua yote, ufurahi."

"Kiganja kimoja kinatosha, Baba."

Na hapa nawaambieni jambo la kazi. Mwenye mali akikwambia fanya utakavyo, hapo ndipo upime mara mbili. Nilichora mduara kwa chaki kwenye goti. Nikabandika karatasi yenye gundi juu ya vigae vya pale, ili vikitoka vitoke pamoja katika mpangilio wake, niweze kuvirudisha vile vitakavyowezekana. Nikamwambia Kyalo ashike patasi na mimi nishike nyundo, tugonge polepole kwenye viungo. Hakunisemesha, lakini alishika. Baba aliletewa kiti, akakaa ukingoni kama mwangalizi wa mtihani.

Chini ya vigae kulikuwa na saruji nyembamba, na chini ya saruji, kifuniko cha plastiki, cheupe, kizima, hakijawahi kufunguka hata mara moja. Tulipokitikisa, maji yakatoka kwa kishindo, yakamlowesha Kyalo kifuani, na tumbo la Poseidoni likatoa mlio na kushuka kidogo.

Nikainua macho kumtazama Baba. Alikuwa hacheki tena. Alikitazama kile kifuniko kwa namna ya mtu anayemwona jamaa aliyemsahau.

"Waliniuliza," akasema. "Wale mafundi walioleta picha. Walisema hapa gotini kuna kifuniko, tukate kigae kiwe wazi? Nikawaambia mafi, hakuna plastiki kwenye picha yangu. Funikeni."

 Mimi niliendelea kukusanya vigae kwenye ndoo. Kyalo alisimama pale na patasi yake, maji yanamdondoka. Baba akatia mkono mfukoni, akatoa simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wetu, akabonyeza, akabonyeza tena. Hakuomba radhi, hakuwa amezoea. Alisema tu, "Mwambie aende kwa binti yake. Na akirudi, ajifunze habari ya kijiwe na uzi."

Simu ya Kyalo ikalia mfukoni mwa suruali yake iliyolowa. Akaitoa, akasoma, akaketi palepale kwenye kifua cha Poseidoni akafunika uso kwa mikono.

Kumalizia habari ya kazi: kifuniko kilibaki wazi, cheupe, kwenye goti. Tumbo lilikaa karibu na mahali pake lakini halikuwa laini tena. Uso na ndevu vilibaki vizima, na niliendelea kuvisugua kila wiki hadi magoti yangu mwenyewe yaliposema basi, nikarudi kwetu.

Siku ya harusi nilikuwa nalisha chujio mchanga mpya simu yangu ilipoita. Alikuwa Kyalo, kwa picha, amevaa suti yake ya Sharafiya, kelele za vigelegele zimemzunguka kila upande. Akamvuta bi harusi karibu na kioo. "Mwende, ona. Huyu ndiye mzee aliyenichongea kwa bosi hadi nikafika hapa."

Binti akacheka, shela lake limekaa upande. "Shikamoo, babu. Asante kwa kumchongea baba."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. Nikainua mikono, mchanga na yote, nikamwombea pale pale, na Kyalo upande wa pili akaitikia amina kwa sauti kuliko shehe.

Nanyi vijana mtakaosoma haya, mlio safarini na mnaojiandaa: mtakapolazimika kusema ukweli unaomuumiza mwenzenu, msiondoke mahali pale mpaka ukweli wote usikike, hata kama itabidi mchimbe kwa ajili yake. Mwenyezi Mungu ailinde mikono yenu isitende dhuluma na isitendewe, awape makafili wenye huruma na moyo wa kuwasamehe wasio nayo, ayafanye maji mtakayokunywa ughaibuni yawe matamu, na siku ya furaha ya watoto wenu isiwapite mkiwa mbali. Amina.